Spana Ndani ya Pochi ya Mama Mkunga

Kila asubuhi Mama Mkunga alianza siku na kitambaa. Kabla ya chai, kabla hata ya kufungua dirisha la jikoni, alitoka uani na kitambaa laini akalifuta gari lake. Alifuta taa. Alifuta vioo. Alifuta na milango, ingawa milango ilikuwa safi tangu jana.

"Mama, hilo gari litakuja kuchubuka ngozi," mwanawe alimtania kutoka kwenye karakana.

"Nilikusugua wewe miaka yote ile, mbona hukuchubuka?" alijibu. "Na hukuwahi kung'aa hivi."

Mwanawe alikuwa seremala. Alitengeneza makochi na vitanda katika karakana yake, pale pale mbele ya nyumba, karibu na lango. Mkewe alikuwa msusi. Alisuka wateja wake barazani huku redio ikiimba. Walikuwa na binti mdogo aliyeanza shule juzijuzi. Mtoto huyo hakuwa na jibu la upole hata moja, kwa hiyo nyumba nzima ilimwita Pilipili.

Mama Mkunga mwenyewe alikuwa amestaafu. Alizalisha akina mama mpaka nywele zake zikawa nyeupe. Nusu ya vijana wa mtaa ule walilia kilio chao cha kwanza mikononi mwake, naye hakuchoka kuwakumbusha, hasa wale waliojitia ubabe. Alipostaafu, watu walidhani atafuga kuku. Yeye akanunua gari la spoti.

Alilinunua kwa mtu, lakini halikuwa zee. Lilikuwa toleo la siku hizi, fupi, limelala chini, lina milango miwili na rangi ya ndimu. Viti vya nyuma vilikuwa vidogo, vya kumtosha Pilipili na mkoba wake wa shule. Lilipowashwa lilinguruma mpaka vikombe vikatetemeka kabatini. Watoto wa mtaa walimwita Bibi Mbio, ingawa aliendesha taratibu na kufunga mkanda kila siku.

"Mbio ninazo," alikuwa akisema. "Nimeziweka akiba tu."

Basi maisha yalikwenda hivyo, ya raha mustarehe, mpaka siku ya barabara ya nyuma ya soko.

Barabara ile ilikuwa na mashimo. Mama Mkunga alikuwa anakwenda polepole. Gurudumu la mbele likaingia shimoni, likaruka, na papo hapo akakanyaga breki ili ampishe mwenye mkokoteni. Pedali ikagoma. Ilikuwa ngumu chini ya mguu wake kama ngazi ya saruji. Gari liliendelea kwenda hatua chache, kisha breki zikashika. Kengele ikalia ndani ya gari, ti-ti-ti, na taa ya njano ikawaka mbele yake.

Mwenye mkokoteni hakugundua kitu. Mama Mkunga alitazama huku na huku kama kuna mtu aliyemwona.

"Viatu hivi," alijisemea. "Vina soli nene."

Akabadilisha viatu. Baada ya siku chache ikatokea tena, kwenye barabara ileile. Akafikiri ni goti lake. Akalichua goti kwa mafuta kila jioni. Ikatokea tena. Ndipo likamjia lile wazo alilokuwa analikwepa: labda ni uzee. Labda mguu wake hauendi tena pale anapoutuma.

Angeweza kumwambia mwanawe. Lakini alikuwa na binamu yake, mkubwa kidogo kwake, ambaye watoto wake walimnyang'anya ufunguo wa gari kwa sababu alikwaruza ukuta mara moja. Tangu siku ile binamu yule aliomba lifti hata ya kwenda kununua dawa ya meno. Mama Mkunga alipomkumbuka, alifunga mdomo.

Ikabaki ile taa ya njano. Ingewaka tu hapo mbele, na mwanawe ana macho ya seremala, yanaona hata ufa wa unywele. Mama Mkunga alimuuliza kijana mmoja anayeosha magari.

"Dawa yake nyepesi, mama," kijana alisema. "Fungua waya wa betri kwa spana namba kumi. Subiri kidogo. Rudisha. Taa inazimika yenyewe."

Na kweli ilizimika. Kuanzia hapo, kila taa ilipowaka, Mama Mkunga aliegesha mahali pa faragha, akafungua boneti, akatoa spana kwenye pochi yake. Ilikaa humo pamoja na miwani, leso na peremende za Pilipili. Akimaliza, anapangusa mikono, anarudi nyumbani amenyooka, mtu asiye na habari.

"Jamani, spana yangu namba kumi iko wapi?" seremala aliuliza asubuhi moja. Aliinua makopo yote ya misumari. "Naitafuta tangu mwezi uliopita! Nani ameichukua?"

"Labda panya," alisema Mama Mkunga, akaendelea kufuta kioo.

Alijaribu pia kwenda gereji kubwa, kimyakimya. Fundi wa pale aliunganisha mashine yake na gari, akasoma, akatikisa kichwa.

"Gari zima kabisa, mama. Kompyuta haina kumbukumbu ya tatizo lolote. Samahani, lakini pengine unakanyaga pembeni ya pedali. Wazee wengi huwatokea."

Mama Mkunga alirudi nyumbani amenywea. Sasa hata mashine ilisema kosa ni lake. Aliamua kuiepuka ile barabara ya mashimo. Akawa anapita barabara ndefu ya lami, ile inayopanda kilima, kwa sababu gari likipanda linapungua mwendo lenyewe.

"Bibi," Pilipili aliuliza kutoka kiti cha nyuma, "soko limehama?"

"Napenda kuona mandhari."

"Mandhari gani? Kuna ukuta tu."

Siku moja mchana, Mama Mkunga alimchukua Pilipili shuleni. Mbele ya lango la nyumba yao kulikuwa na mtaro uliofunikwa kwa mabamba ya chuma, na bamba moja lilikuwa limelegea. Nje ya karakana, seremala alikuwa ametoa kochi jipya. Mteja wake, mzee mmoja mnene mwenye duka la vyombo, alikuwa ameketi juu yake na kujibonyezabonyeza ili ajaribu springi.

Gari liligonga bamba, likaruka kidogo. Mama Mkunga akakanyaga breki. Pedali ikawa jiwe.

Alikanyaga kwa nguvu zote. Ti-ti-ti, kengele ililia. Gari lilikwenda taratibu, taratibu sana, lakini lilikwenda, mpaka likalibusu kochi. Kochi likasogea, na mteja juu yake, miguu hewani. Halafu likasimama. Gari pia likasimama.

Mteja alijishika tumbo, akajikagua mikono, akajikuta mzima.

"Kochi zuri," alisema hatimaye. "Ila sikuagiza lenye magurudumu."

Msusi aliangua kicheko barazani, kicheko cha woga. Seremala hakucheka. Alikwenda mbio, akafungua mlango, akamtoa Pilipili na kumpapasa kichwa hadi miguu.

"Mama, umekanyaga mafuta badala ya breki!"

"Nimekanyaga breki."

"Mbona halikusimama?"

Hapo ndipo Mama Mkunga angesema yote. Lakini alimkumbuka binamu yake.

"Jua lilinipiga machoni," alisema.

Seremala alinyoosha mkono.

"Ufunguo, mama."

Hakuna aliyepaza sauti. Mama Mkunga aliutoa ufunguo, akauweka kwenye kiganja cha mwanawe, akaingia ndani. Alikaa kitandani na viatu vyake. Kosa halikuwa la mwanawe, alijua hivyo. Mtoto alikuwa ndani ya gari. Lakini iliuma. Iliuma kweli.

Kesho yake gari la rangi ya ndimu lilibaki uani bila kufutwa. Mama Mkunga alikaa barazani karibu na mkwewe na kumenya njegere, wala hakumtania mtu. Msusi alikuwa anamsuka mteja mwenye mimba kubwa. Mteja huyo alikuwa amevua viatu, na miguu yake ilikuwa imevimba.

"Miguu hiyo imeanza lini kuvimba?" Mama Mkunga aliuliza bila kuinua kichwa. Kazi ya miaka mingi haistaafu.

"Ah, siku kadhaa, mama. Ni uchovu."

"Na kichwa?"

"Kinauma kidogo. Leo kinauma zaidi."

"Unaona sawasawa?"

Mwanamke alisita. "Naona kama vimulimuli. Lakini msimwambie mume wangu! Ataniambia nifunge kibanda changu nikae ndani, na mimi biashara ndiyo kwanza imechangamka."

Mama Mkunga aliweka bakuli la njegere chini.

"Sikiliza, mwanangu. Miguu kuvimba, kichwa kuuma na kuona vimulimuli, hizo ni dalili za hatari kwa mama mjamzito. Hapa hapasukwi tena nywele. Unakwenda hospitali sasa hivi, wakupime shinikizo la damu. Mwili wako unakupigia kengele, wewe unaizima! Unaizima kwa sababu unaogopa kufungiwa ndani! Sasa ikizimika, nani atajua kwamba..."

Akanyamaza ghafla. Mdomo ulibaki wazi. Msusi alidhani mkwewe ameumwa na nyuki.

"Mama? Kuna nini?"

"Hakuna," alisema Mama Mkunga polepole. "Nimejisikia mwenyewe ninavyosema."

Teksi iliitwa. Mwanamke alikwenda hospitali na nywele zake nusu zimesukwa, nusu zimesimama. Teksi ilipoondoka tu, Mama Mkunga alichukua pochi yake, akapiga moyo konde, akaingia karakana. Alitoa spana namba kumi, akaiweka juu ya meza ya randa.

Seremala aliitazama spana. Kisha alimtazama mama yake.

"Panya ameirudisha?"

"Panya ni mimi. Kaa chini, nina neno."

Akaeleza yote. Barabara ya nyuma ya soko. Pedali ngumu. Kengele. Taa ya njano. Kijana wa kuosha magari. Betri. Gereji. Kilima. Hakuacha kitu. Seremala alisikiliza na kuvuta sikio lake, kama afanyavyo akipima mbao iliyopinda.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Niliogopa utaninyang'anya ufunguo."

"Na kwa sababu hukuniambia, nimekunyang'anya."

"Ndiyo hivyo."

Wakatazamana, kisha wote wawili wakacheka kidogo, ingawa hakuna aliyekuwa na raha.

Ng'ambo ya barabara aliishi mama mmoja aliyefanya kazi ya kukagua magari, na mtaa mzima ulimwita Mkaguzi. Jioni aliporudi kazini, seremala alimwita. Alikuja bado amevaa buti zake, akaketi juu ya kochi lile lililotembea.

"Nieleze, mama," Mkaguzi alisema. "Ilianza lini? Ulikuwa barabara gani? Mwendo gani? Kabla ya pedali kugoma, gari lilifanya nini?"

Mama Mkunga alijibu swali moja baada ya jingine. Alianza kupata nguvu. Hayo yalikuwa maswali ya mtu anayejua kazi. Ndivyo yeye mwenyewe alivyowauliza akina mama wodini, bila kuwalaumu, bila kuwaharakisha.

"Taa iliwaka?"

"Iliwaka."

"Fundi wa gereji aliiona?"

"Hakuiona. Nilikuwa nimeshaizima kwa spana."

Mkaguzi alijishika kichwa, akacheka mpaka akapangusa machozi. Halafu akawa makini.

"Mama yangu, ile taa ilikuwa shahidi wako. Hitilafu ikitokea, gari linaandika katika kumbukumbu yake. Fundi akija na mashine, anasoma. Wewe kila ukifungua betri, unafuta. Kisha unakwenda gereji na ukurasa mweupe! Ndiyo maana walisema tatizo ni mguu wako."

"Kwa hiyo nilikuwa namfukuza shahidi wangu mwenyewe?"

"Kwa mikono miwili."

"Na kwa spana yangu," seremala aliongeza.

Siku iliyofuata Mkaguzi aliagiza gari la kuvuta. Hakukubali mtu aliendeshe barabarani. Lilivutwa hadi kiwanja cha ofisi yao ya ukaguzi, kiwanja kitupu chenye mashimo ya kupimia magari. Mama Mkunga na mwanawe walisimama kando, nyuma ya kizuizi. Mkaguzi aliingia mwenyewe, akafunga mkanda, akaendesha polepole. Gurudumu likaingia shimoni, likaruka. Akakanyaga breki.

Gari halikusimama. Lilikwenda hatua chache, kisha breki zikashika. Ti-ti-ti.

Mkaguzi alishuka. Alikuwa mwanamke wa makamo, mwenye mapaja ya mcheza mpira.

"Haya," alisema. "Na mimi nimezeeka?"

Mama Mkunga alitaka kucheka, lakini machozi yalimtangulia. Miezi yote hiyo aliuchukia mguu wake, na mguu haukuwa na hatia. Seremala alimshika bega mama yake. Hakuuondoa mkono.

Mkaguzi aliunganisha mashine, na safari hii ilikuwa na la kusema. Akawaeleza.

"Magari ya siku hizi yana kompyuta ya breki. Kila gurudumu lina kifaa kidogo kinachoipelekea habari: sasa ninazunguka, sasa nimesimama. Barabara ikiwa na utelezi, ukikanyaga breki sana, gurudumu linaweza kuganda na gari likateleza. Kompyuta ikiona hivyo, inalegeza breki na kukaza, inalegeza na kukaza, haraka sana. Hilo ni jambo zuri, linaokoa watu. Lakini katika gari hili, gurudumu likiruka juu ya shimo, kompyuta inadanganyika. Inadhani pana utelezi. Inalegeza wakati wewe unataka ikaze."

"Mimi nakaza, yenyewe inalegeza," alisema Mama Mkunga. "Marehemu mume wangu alikuwa hivyohivyo kwa watoto."

"Sasa nisikilizeni vizuri. Breki ikigoma namna hii, usiinue mguu. Kanyaga kwa nguvu zote na uendelee kukanyaga. Shika usukani imara, elekeza gari mahali pasipo na watu. Ukishasimama, washa taa za tahadhari, na safari imeishia hapo. Usijidanganye kwamba utalifikisha nyumbani polepole. Livutwe."

"Na sasa unalitengeneza?" aliuliza seremala.

"Hapana. Hapa sioni kitu kilichochakaa. Nahisi ni kasoro ya kiwandani. Kama ni hivyo, hata magari mengine ya toleo hili yana ugonjwa huohuo. Wenye magari wako wapi? Mbona hatujasikia?"

Mama Mkunga alijua walipo. Walikuwa ndani ya simu yake. Kulikuwa na kundi la wenye magari ya aina ile, na humo ndani kila siku ilikuwa sikukuu. Huyu aliweka picha ya gari lake limeoshwa. Yule aliweka picha ya magurudumu mapya. Mmoja waliyemwita Bwana Miwani aliweka picha zake mwenyewe, gari likionekana kidogo nyuma yake. Hakuna aliyewahi kutaja ubovu. Nani atakubali kwamba fahari yake ni mgonjwa?

Jioni hiyo Mama Mkunga alikaa barazani, akashika simu karibu na mdomo, akarekodi sauti.

"Habari zenu, wanangu. Mimi ndiye mama wa gari la ndimu. Nimegonga kochi. Breki zangu zinagoma nikipita kwenye shimo, na kengele inalia. Nilificha kwa sababu niliona aibu. Mkaguzi amepima, amekuta gari ndilo lenye kasoro. Kuna mwenzangu limempata? Semeni. Mimi nimezalisha watu maisha yangu yote, hakuna la kunishangaza."

Akatuma. Kundi likawa kimya. Watu walisikiliza, ilionekana, lakini hakuna aliyejibu. Msusi alimwonea huruma mkwewe.

"Mama, labda wamelala."

"Na jua hata halijatua? Hawajalala. Wanajikuna vichwa."

Mara simu ikalia. Mtu mmoja aliandika: "Hata mimi, mama. Nilidhani ni mashine ya mazoezi imenichosha miguu." Ikalia tena: "Mimi nilibadilisha breki zote, hazikusaidia." Ikalia tena, na tena. Dereva mmoja alieleza kwamba amekuwa akimlaumu mkewe. Mkewe, ambaye naye alikuwa kwenye kundi, aliandika kwamba anasubiri kuombwa radhi. Mwisho kabisa, Bwana Miwani alituma sauti, na sauti yake ilikuwa ndogo.

"Ule mbonyeo wa mbele niliosema jirani aligonga akirudi nyuma... hapakuwa na jirani. Niligonga pipa la taka."

Msusi alicheka mpaka kitana kikamdondoka.

Mkaguzi aliposikia, alifurahi, lakini akawaonya. "Kulalamika kwenye simu hakutoshi. Kila mmoja atoe taarifa yake mwenyewe. Apeleke kwa wakala wa kampuni iliyotengeneza gari na kwa mamlaka ya usalama barabarani, kote kuwili. Aseme barabara gani, mwendo gani, alikanyaga nini, gari lilifanya nini, taa gani iliwaka. Asitie chumvi na asipunguze. Na aweke namba ya chesisi, ipo kwenye kadi ya gari. Taarifa ya mtu mmoja, watasema ni gari lake. Zikiwa nyingi na zinafanana, watalazimika kuchunguza."

Mama Mkunga aliwasimamia kama wanafunzi wa ukunga. Aliyeandika "breki mbaya" tu alirudishwa akaandike upya. Aliyeandika kwamba gari "liliruka kama chui" aliambiwa aondoe chui. Na wote, mmoja mmoja, aliwauliza kama bado wanaendesha. Aliyesema ndiyo alikaripiwa mpaka akaliegesha. Mama Mkunga mwenyewe siku hizo alipanda basi, na hakuona aibu tena.

Muda ulipita. Wakala alichunguza, mamlaka nayo ikachunguza. Asubuhi moja, redio ya barazani ilikatisha muziki ili kutoa tangazo. Msusi aliongeza sauti. Kampuni ilikuwa inayaita magari yote ya toleo lile yarudi kwa mawakala. Kompyuta ya breki itawekewa programu mpya na vifaa vya magurudumu vitabadilishwa, bila malipo yoyote, hata kwa walionunua gari kwa mtu mwingine.

"Bibi!" Pilipili alipiga kelele. "Wamekutangaza!"

"Hawakunitaja."

"Wamesema breki. Breki ni wewe!"

Gari lilivutwa, likatengenezwa, likapimwa tena na Mkaguzi katika kiwanja kilekile. Safari hii, gurudumu lilipotoka shimoni na breki kukanyagwa, gari lilisimama palepale, na kengele haikulia. Lilirudi nyumbani siku ya mapumziko. Yule mteja wa kusuka alikuwepo barazani, amekuja kumalizia nusu ya pili ya nywele. Alikuwa na mtoto mchanga mapajani, ana afya njema. Shinikizo la damu la mama huyo lilikuwa limepanda vibaya siku ile, na hospitali walimwambia amefika kwa wakati.

Seremala alitoka karakana, vumbi la mbao kichwani. Alikuwa na ufunguo mkononi.

"Mama, nisamehe. Nilidhani ni uzee."

"Hata mimi nilidhani hivyo," alisema Mama Mkunga. "Na kuniondolea ufunguo ulifanya sawa, mtoto alikuwa ndani. Ingia, twende."

Wakaenda wawili, hadi barabara ya nyuma ya soko. Seremala alishika kiti kwa mikono yote. Gurudumu liliingia shimoni, likaruka. Mama Mkunga akakanyaga breki. Gari likasimama pale pale lilipoambiwa, na seremala akaachia pumzi aliyoibana tangu nyumbani.

Walikaa kidogo bila kuondoka. Seremala alikuwa anavuta sikio lake, na mama yake alijua ana neno.

"Sema."

"Mama... ipo siku ambayo kweli itakuwa mguu."

"Ipo," alisema Mama Mkunga. Alifungua pochi yake, akaielekeza kwake ili aone ndani. Mlikuwa na miwani, leso na peremende. "Siku hiyo utasikia kwangu mimi, kabla hujasikia kwa kochi. Ufunguo nitakuletea mwenyewe."

Seremala alichukua peremende moja, akaimenya. Aliamini. Nyuma yao mwenye mkokoteni alianza kupiga kelele wampishe, na Mama Mkunga akatia gia.